Mawe ya figo na zile chembe zilizodhaniwa kuwa vijidudu



Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kusanyiko letu hapa Lubumbashi alitupa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa kijiwe cha rangi ya kahawia, chenye ncha ncha, kidogo kuliko punje ya mchele. Kilitoka katika mkojo wa mume wake baada ya siku mbili za maumivu yaliyomfanya mtu mzima atambae sakafuni. Nyumbani kwao kulikuwa tayari na maelezo mawili. Shemeji alisema jiwe haliwezi kuota lenyewe ndani ya mtu, kuna aliyelituma. Mtoto wao wa kiume, anayesoma, alisema hapana: alikuwa amesoma katika simu kwamba mawe ya figo yanajengwa na vijidudu vidogo mno vinavyoitwa nanobakteria. Basi akatenga kikombe na sahani ya baba yake, akanunua vidonge vya tetrasiklini sokoni, akaanza kuvigawa kwa nyumba nzima, pamoja na dada yake mwenye mimba.

Mama aliuliza swali moja tu: tumsikilize nani?

Kuhusu kikombe na vidonge tulimjibu palepale. Mawe ya figo hayaambukizwi kwa kikombe, wala kwa sahani, wala kwa kitanda. Binti mwenye mimba aache vidonge leo hii, na wengine wote waache pia. Lakini kuhusu zile nanobakteria tulimwomba muda, kwa sababu kijana hakuwa amebuni habari hiyo. Ilikuwa habari ya kweli ya maabara, iliandikwa na wataalamu wenye majina, na kwa miaka kumi hivi iliwagawanya wenzao. Tumeifuatilia na tunaieleza hapa kwa ajili ya makusanyiko yote, kuanzia Kasumbalesa hadi Bunia, maana tunajua swali la mama huyu linaulizwa pia kwenu.

Jiwe linatengenezwa na nini

Mafigo mawili ya mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu kwa siku moja. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachobaki, lita moja na nusu au mbili, ndiyo mkojo. Kwa hiyo takataka za siku nzima zinabanwa katika maji machache. Ukitia sukari nyingi katika chai ya moto itayeyuka. Chai ikipoa na kupungua, utaikuta sukari imekaa chini ya kikombe. Mkojo nao hivyo hivyo: chumvi zilizomo zikizidi kiasi ambacho maji yanaweza kubeba, zinaanza kuganda.

Katika kila mawe kumi, kama manane ni ya kalsiamu, na mengi kati ya hayo ni kalsiamu iliyoshikana na oksaleti, kitu kinachopatikana katika majani na mbegu nyingi tunazokula na ambacho mwili wenyewe pia hutengeneza. Mengine ni kalsiamu na fosfeti, chokaa ya aina ileile iliyomo katika mifupa na meno yetu. Yako mawe ya asidi ya yuriki, ndugu wa ugonjwa wa jongo. Yako pia, machache zaidi, yanayoletwa kweli na bakteria. Bakteria kama Proteus wakiingia katika njia ya mkojo huvunja urea, mkojo unakuwa mkali kama majivu, na jiwe linakua haraka hata kujaza figo kwa umbo la pembe za swala. Tafadhali wasomaji shikeni jambo hili, maana tutalirudia: kuna mawe ya vijidudu, na vijidudu vyake vinajulikana kwa majina, vinaonekana kwa darubini ya kawaida na vinaota katika maabara ya hospitali. Siyo hivyo tunavyobishania leo.

Swali gumu liko mahali pengine. Mkojo wa watu wengi wenye afya una chumvi iliyozidi kiasi chake, tena kila siku, na hata hivyo hawapati mawe. Mkojo una walinzi wake: sitrati, magnesi, na protini kadhaa zinazozuia punje zisishikane. Tena punje ikiganda katika mirija ya figo, mkojo unapita upesi na kuisukuma nje kabla haijawa kubwa. Ili jiwe likue, punje ya kwanza inahitaji mahali pa kushika. Ni nani anayeishikilia?

Mwaka 1937 daktari wa njia ya mkojo huko Philadelphia, Alexander Randall, alitoa jibu baada ya kuchunguza mafigo ya maiti zaidi ya elfu moja. Kwenye vichwa vya ndani vya figo, mahali mkojo unapodondokea, aliona madoa meupe ya chokaa chini ya ngozi nyembamba, na juu ya baadhi ya madoa hayo mawe madogo yalikuwa yamejishika kama konokono kwenye mwamba. Madoa hayo hadi leo yanabeba jina lake. Mwaka 2003 timu ya Marekani ilionyesha kwamba chokaa hiyo inaanzia katika kuta za vijirija vyembamba kabisa vya figo, kisha inasambaa hadi chini ya ngozi ya kichwa cha figo. Ni fosfeti ya kalsiamu, lakini jiwe linaloota juu yake kwa kawaida ni la oksaleti. Yaani msingi ni wa namna moja na nyumba ni ya namna nyingine.

Basi swali likasogea hatua moja nyuma: na huo msingi unawekwa na nini?

Habari kutoka Finland

Katika mji wa Kuopio, Finland, mtafiti Olavi Kajander alikuwa na shida ya kazi. Seli alizokuwa akizikuza katika maabara zilikuwa zinakufa bila sababu. Seli hizo hulishwa kwa majimaji ya damu ya ndama aliye tumboni, na ndani ya majimaji hayo, ambayo yalikuwa yamechujwa na kuhesabiwa kuwa safi, yeye na mwenzake Neva Çiftçioğlu waliona vitu vya mviringo vidogo mno vilivyojivika ganda la chokaa. Vilionekana kuongezeka vikihamishwa kutoka chupa moja hadi nyingine. Wakaviita nanobakteria.

Udogo wake ulikuwa nanometa 80 hadi 500. Milimita moja ina nanometa milioni moja, na bakteria wa kawaida wa tumboni ana urefu wa kama nanometa 2,000. Miaka michache mbele yao, mtaalamu wa miamba Robert Folk wa Texas alikuwa amesema ameona maumbo ya namna hiyo katika mawe ya chemchemi za moto za Italia, na mwaka 1996 wataalamu wa NASA walitangaza kwamba kimondo kilichotoka Mars kina maumbo yanayofanana na mabaki ya viumbe vidogo mno. Ilikuwa miaka ambayo kila mtu alikuwa tayari kuona uhai ndani ya jiwe.

Mwaka 1998 Kajander na Çiftçioğlu waliandika kwamba vijidudu vyao vinajenga chokaa ya aina ya mifupa katika kiwango cha kalsiamu na fosfeti kilicho sawa na cha damu, na kwamba huenda ndivyo vinavyoanzisha mawe. Mwaka uliofuata walitangaza hesabu iliyoshangaza madaktari: katika mawe ya figo 72 waliyoyachunguza, 70 yalikuwa na nanobakteria. Watafiti wengine wakaanza kutafuta vitu hivyo katika mishipa ya moyo iliyokakamaa, katika meno, katika mawe ya nyongo. NASA nayo ikapendezwa, kwa sababu wanaanga hupata mawe ya figo kwa urahisi, mifupa yao ikipoteza kalsiamu wanapokaa huko juu.

Tusiwacheke walioamini. Mwaka 1982 huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walisema vidonda vya tumbo vinaletwa na bakteria, wakati ambapo madaktari wote walifundishwa kwamba ni mawazo mengi na asidi. Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe ili kuthibitisha, akaugua, na mwaka 2005 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Leo mtu mwenye vidonda vya tumbo hapa Lubumbashi anapewa antibiotiki na kupona kwa sababu ya ubishi wa watu wawili. Kama tumbo lilidanganya madaktari, kwa nini figo isidanganye?

Kilichoonekana baadaye

Shaka ya kwanza ilikuwa ya ukubwa. Kiumbe hai kinahitaji nafasi ya kuweka DNA yake, vyombo vya kutengenezea protini na ukuta wa kujifunika. Mwaka 1999 wataalamu waliokusanywa na Chuo cha Kitaifa cha Sayansi cha Marekani walikadiria kwamba chini ya nanometa 200 hivi mambo hayo hayawezi kuenea ndani ya kiumbe kinachojitegemea. Baadhi ya nanobakteria zilikuwa ndogo kuliko hapo. Ni kama kuambiwa kuna familia ya watu wanane, na jiko, na stoo, ndani ya kisanduku cha kiberiti.

Shaka ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mwaka 2000 John Cisar na wenzake katika taasisi za afya za serikali ya Marekani walirudia majaribio. Chembe za chokaa waliziona, na kweli ziliongezeka. Lakini DNA ya kiumbe kipya hawakuipata. Ile iliyokuwa imetangazwa kuwa ya nanobakteria haikutofautiana na ya bakteria wa kawaida wa mazingira ambaye huingia kwa bahati mbaya katika dawa na maji ya maabara. Tena waliweza kupata "uzao" uleule kutoka vitu visivyo na uhai: mafuta ya seli yakikutana na kalsiamu na fosfeti yanaanzisha punje, punje ikihamishiwa chupa mpya inaanzisha nyingine.

Sisi wa Katanga hili halipaswi kutushangaza. Nchi yetu imekaa juu ya miamba ya chokaa, na Kakontwe karibu na Likasi wanaichimba. Mwenye kisima anajua ukoko mweupe unaojenga ndani ya sufuria ya kuchemshia maji. Ukoko huo unaongezeka wiki kwa wiki, unaenea, na ukiuacha kidogo chini unashika upesi zaidi mara ya pili. Unakua, lakini hauna uhai.

Mwaka 2008 mambo yalifikia mwisho wake, au karibu. Jan Martel na John Young walionyesha kwamba chembe zinazofanana kabisa na nanobakteria, kwa umbo na hata kwa namna ya kuonekana kugawanyika mbili, zinapatikana kwa kuganda kwa kalsiamu kaboneti pamoja na majimaji ya damu, bila kiumbe chochote. Mwaka huohuo timu ya Didier Raoult huko Marseille, Ufaransa, ikaonyesha kwamba moyo wa chembe hizo ni madini yaliyoshikana na fetuini, protini inayotengenezwa na ini.

Fetuini inastahili maneno machache zaidi, kwa sababu hapa ndipo habari inapogeuka kuwa nzuri kuliko ile ya vijidudu. Damu yetu hubeba kalsiamu na fosfeti nyingi kiasi kwamba, kama hakungekuwa na mlinzi, ingeganda kuwa chokaa mahali pasipofaa. Fetuini inazikamata punje changa, inazifunga, inazizuia zisikue, na mwili unaziondoa. Hivyo chembe zilizodhaniwa kuwa mshambuliaji zinaonekana kuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya mlinzi: chokaa iliyokamatwa na kufungwa kamba. Mlinzi akizidiwa, kama inavyotokea kwa watu ambao mafigo yao yamechoka, chembe zinabadilika, zinakuwa ngumu na kali, na zinaweza kuwasha kuta za mishipa.

Basi je, hazina sehemu yoyote katika mawe ya figo? Hapa tunaomba wasomaji waende nasi polepole, maana watu huteleza kwa upande mmoja au mwingine. Kusema si vijidudu si kusema hazifanyi kitu. Tangu hapo jina lililozoeleka ni chembe nano zinazojenga chokaa, jina lisilodai uhai wala kuukana. Zimeonekana ndani ya mawe na ndani ya vichwa vya figo vyenye madoa ya Randall. Çiftçioğlu na wenzake waliandika juu ya uhusiano huo mwaka 2008. Katika maabara, punje za chokaa zikiwekwa juu ya seli za figo zinaweza kuzijeruhi, na seli iliyojeruhiwa ni mahali pazuri pa punje nyingine kushika. Inawezekana kabisa, kwa hiyo, kwamba chembe hizi ni tofali la kwanza la ule msingi. Lakini kukuta tofali ndani ya ukuta hakuthibitishi kwamba tofali ndilo lililoamua kujenga nyumba. Kinachobishaniwa sasa ni kama zinaanzisha doa, au ni alama tu ya doa lililokwisha kuanza. Kwa maoni yetu ushahidi wa sasa unaegemea upande wa kusema ni sehemu ya safari ndefu ya kuganda, pamoja na urithi wa ukoo, chakula, maji na joto, wala si mwanzilishi pekee.

Na tiba? Huko Marekani kuna waliouza matibabu yenye tetrasiklini pamoja na dawa inayokamata kalsiamu, wakiahidi kuyeyusha chokaa ya mwili. Kama chembe si hai, antibiotiki haina cha kuua. Ndiyo maana tulimwambia mama aache vidonge. Tetrasiklini inapaka rangi na kudhoofisha meno ya mtoto aliye tumboni na ya mtoto mdogo. Ile iliyopitwa na wakati, ambayo ndiyo mara nyingi inauzwa katika beseni juani bila sanduku lake, imejulikana tangu miaka ya 1960 kuwa inaweza kuumiza mafigo yenyewe. Mtu anakimbia jiwe na kununua ugonjwa wa figo.

Hapa kwetu

Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200, na watu wa Kinshasa wanatuambia tunaishi kwenye baridi. Waje Septemba na Oktoba kabla mvua haijashuka. Hewa ni kavu, jua ni kali, na mtu anapoteza maji bila kuona jasho kwa sababu linakauka hapohapo. Anayesimama mbele ya tanuri la shaba, anayechimba kwa mkono, anayeendesha pikipiki ya abiria kutwa nzima, anayeuza barabarani: hao wote hukojoa mara mbili kwa siku, mkojo mwekundu kama chai. Uchunguzi wa wafanyakazi wa viwanda vya chuma katika nchi nyingine umeonyesha kwamba wanaokaa karibu na tanuri wanapata mawe mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa ofisi za kiwanda hichohicho. Na wamama wengi wametuambia wazi jambo ambalo wanaume hawalifikirii: hawanywi maji sokoni kwa sababu hakuna choo kinachofaa. Hilo ni tatizo la mji, na linatengeneza mawe kuliko nanobakteria zote za Finland.

Watu wanatuuliza kuhusu metali za migodi. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa ndani ya kilomita 3 kutoka migodi na viwanda vya kuyeyushia madini katika Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo, na pia risasi, kadimiamu na urani kuliko wanaokaa mbali. Kati ya metali hizo, kadimiamu ndiyo inayogusa habari yetu: wafanyakazi waliovuta vumbi lake kwa miaka mingi katika viwanda vya Ulaya walipoteza kalsiamu nyingi katika mkojo na kupata mawe zaidi. Vipimo vya viwandani huko vilikuwa vya juu, na haifai mtu achukue kijiwe cha jirani na kukipeleka mahakamani kama ushahidi dhidi ya kampuni. Lakini si upuuzi kuuliza, na sisi tungependa swali hilo liulizwe na wenye maabara.

Kuhusu chakula, tuanze na lengalenga, kwa sababu tunajua tutapata barua. Lengalenga ina oksaleti nyingi. Hatusemi muiache, ni mboga ya watu wengi, na ina faida nyingi. Aliyewahi kupata jiwe aichemshe katika maji mengi na kuyamwaga maji hayo, kwa sababu sehemu kubwa ya oksaleti huenda nayo, na asiile kila siku. Aile pamoja na kitu chenye kalsiamu: maziwa ya mgando, au kapenta na ndagala wanaoliwa na mifupa yao. Hapa watu wengi hukosea. Wanasikia jiwe ni la kalsiamu, wanaacha maziwa na samaki wadogo. Mwaka 1993 uchunguzi wa wanaume zaidi ya 45,000 wa Marekani ulionyesha kinyume: waliokula kalsiamu nyingi katika chakula walipata mawe machache zaidi. Sababu ni rahisi ukiifikiri: kalsiamu ikikutana na oksaleti ndani ya matumbo, zinashikana humohumo na kutoka kwa choo, hazifiki kwenye figo. Mwaka 2002 Loris Borghi na wenzake wa Italia waliwafuata wanaume 120 kwa miaka mitano. Waliokula kalsiamu ya kawaida, wakapunguza chumvi na nyama, walirudiwa na mawe kwa karibu nusu ya kiasi cha wale waliokatazwa kalsiamu.

Chumvi, basi, ndiyo ya kuogopa, maana chumvi nyingi inavuta kalsiamu kuingia katika mkojo. Makayabu, vijiti vya chumvi vya supu vinavyotiwa viwili viwili katika sufuria ya sombe, nyama ya kukaanga ya jioni barabarani: hapo pana kazi ya kufanya. Vidonge vikubwa vya vitamini C vinavyotafunwa kama peremende navyo huongeza oksaleti. Limau na machungwa yanasaidia kwa sababu ya sitrati.

Na maji. Borghi huyohuyo, mwaka 1996, aligawa watu 199 waliopata jiwe la kwanza katika makundi mawili. Kundi moja liliambiwa linywe hadi mkojo ufikie lita mbili au zaidi kwa siku. Baada ya miaka mitano, kati ya kila mia moja, 12 walirudiwa na jiwe. Katika kundi lililoachwa na desturi yake, 27. Hakuna kidonge kilichotumika. Kipimo cha nyumbani ni rangi: mkojo uwe mweupe au wa njano hafifu, hata ule wa kabla ya kulala. Maji yawe yamechemshwa au kutiwa dawa, tusikimbie jiwe na kukamatwa na kipindupindu. Ule ukoko mweupe wa sufuria usiwatishe. Maji yenye chokaa kidogo hayageuki moja kwa moja kuwa jiwe. Munkoyo usiochachuka ni sawa. Bia haisafishi mafigo, ingawa wanaoisifu wanakwenda chooni mara nyingi; inakojoza usiku na kumwacha mtu mkavu asubuhi, na kwa mwenye asidi ya yuriki inaongeza shida. Lutuku hatuisemi.

Tahadhari moja: mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyeambiwa mafigo yamedhoofika, au mwenye miguu iliyovimba, asijaze maji mengi bila kumwuliza daktari.

Maumivu yakija

Jiwe likikaa ndani ya figo linaweza kunyamaza miaka. Likishuka katika mrija mwembamba unaopeleka mkojo kwenye kibofu, ndipo mtu anapolia. Maumivu yanaanza ubavuni chini ya mbavu, yanashuka kwenye kinena, yanakuja kwa mawimbi, mtu hapati namna ya kukaa wala kulala. Anatapika, na mkojo unaweza kuwa na damu. Damu peke yake bila maumivu, hasa kwa mtoto au kijana anayeoga na kuvua katika mito na maziwa, inaweza kuwa kichocho, ambacho kina dawa yake na kinapimwa kwa darubini. Kwa mtu mzima damu inaweza kuwa ishara ya mambo mazito zaidi. Kwa hiyo damu katika mkojo haiombewi nyumbani tu. Inaombewa njiani kuelekea hospitali.

Kuna hali ambazo hazingoji asubuhi: maumivu pamoja na homa na kutetemeka, mkojo uliokatika kabisa, mwenye mimba, au mtu mwenye figo moja. Jiwe likiziba na usaha ukawa nyuma yake, figo inaweza kufa na mtu akafuata, kwa saa na si kwa wiki. Tunajua familia iliyokaa siku nne katika chumba cha maombi na ndugu mwenye homa ya namna hiyo. Hatutasema zaidi, ila wachungaji wanaosoma hapa wajue kwamba kumruhusu mgonjwa atoke aende hospitali ni sehemu ya kazi yao.

Hospitalini wataomba mkojo na ekografi, na wakati mwingine skana, ambayo inaona vizuri zaidi lakini ni ghali. Jiwe lililo chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe kwa maji na dawa ya maumivu. Dawa hiyo iandikwe na daktari, maana zile zinazonunuliwa kiholela kama diklofenaki zinaweza kuumiza figo iliyokwisha kuchoka. Makubwa yana njia nyingine: mawimbi yanayovunja kutoka nje, yaliyotumika mara ya kwanza kwa mgonjwa huko Munich mwaka 1980, au chombo kinachoingizwa kupitia njia ya mkojo, au upasuaji. Si kila mji wetu una vyombo hivyo. Hapa Lubumbashi waulizeni madaktari wa Jason Sendwe au wa Kliniki za Chuo Kikuu nini kinapatikana kabla ya kukopa pesa za safari ya Ndola au Johannesburg.

Kitu kimoja cha mwisho ambacho karibu kila familia inakosea: jiwe linatupwa. Mgonjwa akojoe juu ya kitambaa safi au chujio, jiwe likitoka lioshwe, likaushwe, liwekwe katika kichupa kikavu. Linalotoka likipimwa linaweza kusema kama ni la oksaleti, la asidi ya yuriki au la maambukizo, na ushauri wa chakula na dawa unabadilika kabisa kwa jibu hilo.

Yule mama tumemrudishia kijiwe chake katika ileile karatasi. Binti ameacha tetrasiklini na amepelekwa kliniki ya wajawazito kueleza alichokunywa. Kikombe cha baba kimerudi kabatini pamoja na vingine. Kijana alitaka tumwandikie majina ya wale wa Marseille ili asome mwenyewe, tukamwandikia. Shemeji bado hajakubali, na mwezi huu tutaenda kumtembelea.